Mkono wa Kulia wa Mzee Ramazani

Mwanangu, kesho unavaa blauzi nyeupe uanze staji, mafunzo ya kazi, hospitalini, na mimi tangu asubuhi namkumbuka Mzee Ramazani akinigeuzia uso ukutani. Keti. Chai itapoa, iache ipoe.

Ilikuwa hapa hapa Kindu, enzi za Zaire, tulipokuwa tunaitana sitwayeni, yaani raia, na majina ya ubatizo tumeyaweka kabatini kwa amri ya serikali. Nilikuwa najifunza kazi ya kuosha wagonjwa, kuwalisha na kuwageuza kitandani. Mzee Ramazani alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa Mikelenge. Ugonjwa ulimpiga upande mzima wa kulia, ulimi ukawa mzito, na tangu hapo akakataa chakula. Binti yake alileta wali na sombe, majani ya muhogo, kila siku, na kila siku alirudi na sufuria imejaa, analia. Daktari alimwambia wazi kwamba baba asipokula hatafika mbali.

Basi siku moja nikamlisha mimi, akala. Akala hadi akalamba vidole. Binti yake alinishika tukacheza katikati ya vitanda, wauguzi wakanisifu, na mimi, sikufichi, nilivimba kichwa.

Mwalimu wetu wa staji, Mama Feza, mwanamke mpole asiyependa kelele, alikuwa na desturi yake. Kabla hatujaenda nyumbani alituketisha barazani, kila mmoja airudishe siku yake kinyumenyume, kuanzia beseni la mwisho hadi salamu ya asubuhi. Zamu yangu ilipofika akaniuliza, "Mutoto yangu, muzee amekula. Sababu gani?"

"Ananipenda, Mama."

Akacheka kidogo. "Iko muzuri. Kesho tutaona kama angali anakupenda."

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kesho yake nilichukua kijiko, nikamwendea kwa mbwembwe zangu zote, na mzee akageuza uso ukutani. Nikambembeleza, nikamwimbia, wapi. Binti yake alinitazama kama mtu aliyenyang'anywa kitu. Niliogopa, mwanangu. Niliogopa mzee atakufa, na jana nilikuwa na dawa yake mikononi nisijue ni ipi.

Alasiri barazani sikungoja zamu. Niliirudisha siku ya jana polepole: sufuria tupu, tonge la mwisho, tonge la kwanza. Hapo nikasita. Jana sikuwa na kijiko. Nilikuja na birika, nikamnawisha mikono yote miwili, nikaanza na ule wa kulia uliokufa, kwa mazoea tu, kwa sababu ndivyo nilivyomnawisha babu yangu nyumbani. Kisha nikauinua, nikaweka tonge kwenye vidole vyake, nikaupeleka mdomoni. Mzee alikula kwa mkono wake mwenyewe. Siku nyingine zote tulimsukumia kijiko, au tulimwekea tonge katika mkono wa kushoto, ule wa chooni, mzee Mwislamu mwenye heshima zake, naye hana ulimi wa kutuambia.

Mama Feza hakunisifu hata kidogo. Alisema tu, "Birika iko pale."

Nikaenda. Nikamwagia maji mkono wa kulia, nikausugua kidole kwa kidole. Nilipouinua na tonge, mzee akafungua mdomo bila kuombwa. Alilia huku anatafuna, na mimi nililia pia, kwa furaha. Binti yake akajifunza, na baadaye akamrudisha Mikelenge akiwa na mashavu.

Basi shika neno langu. Kosa hukuamsha lenyewe, lakini jambo lililofaulu hukulaza usingizi. Ukimfaa mgonjwa, usiende nyumbani kabla hujajiuliza ni nini kilichomfaa. Irudishe siku yako, hata ukiwa umechoka, hata wenzako wakikucheka. Na asiyeweza kusema, muulize kwa macho yako kabla hujamhukumu kuwa mkaidi.

Nenda, mwanangu. Mungu aibariki mikono yako, na utakapozeeka akupe mtu wa kukunawisha, aanze na ule wa kulia.