Mgeni wa Jumapili

Mradi wa wafadhili wa nje ulipofika Temeke kuwafundisha wafanyakazi wa ndani haki zao, mimi ndiye niliyemwandikisha dada wetu wa kazi. Mimi ni mwalimu, sipendi kuonekana mshamba. Alirudi na mkataba: siku moja ya mapumziko kila wiki. Niliusaini kwa mbwembwe, nikapiga na picha.

Kasheshe ikawa kwenye kupumzika kwenyewe. Kwao ni Newala, hapa mjini hana ndugu wa kumtembelea. Jumapili ya kwanza alikaa sebuleni, mikono mapajani. Mara mume wangu akaomba maji, mwanangu akaulizia soksi, na mimi mtetezi wa haki nikamwambia aangalie tu maharage yasiungue. Kufika jioni alikuwa amepumzika kwa kufua mashuka. Jumapili zilizofuata, hivyo hivyo. Mazoea yana tabu.

Kisha ikaja Jumapili aliyovaa gauni lake la sikukuu, akafungua geti, akatoka. Nikamshukuru Mungu, kumbe kapata pa kwenda. Punde nikasikia, "Hodi hapa!"

Ni yeye, kajitanda khanga, mkononi chane ya ndizi za sokoni Buguruni. Nikabaki nimekodoa macho. Aliyeitikia kutoka sebuleni ni mama mkwe wangu, mtu wa Lindi asiyefanya mzaha na adabu.

"Karibu mgeni! Nyie, mnamwachaje mgeni mlangoni?"

"Mama, huyu si dada wetu?" nikauliza.

"Kapiga hodi, kaja na zawadi. Mgeni huyo. Na mgeni hatumwi."

Basi nikapika mwenyewe. Pilau likaungua, mgeni akapakuliwa la juu, sisi tukakwangua ukoko. Mume wangu alimnawisha mikono huku amenuna kama mtoto aliyenyimwa andazi. Nami moyoni nilikuwa nafoka: wataalamu wamepanda ndege kutoka Ulaya, mkataba una mihuri, halafu ninashindwa na chane ya ndizi!

Baada ya kula, mama mkwe akamuuliza, kama anavyoulizwa mgeni yeyote, "Habari za huko kwenu?"

"Nzuri, bibi. Mama anaona sasa. Walimfanyia upasuaji wa macho."

Sote tukageuka. Hatukujua hata kama alikuwa haoni.

"Lini?" nikauliza.

"Kabla ya Ramadhani."

"Jamani! Mbona hukutuambia?"

Akanitazama bila kinyongo.

"Nilikuwa kazini, mama."

Nilitahayari. Nikavuta kigoda karibu yake, nikamwomba asimulie tangu mwanzo.