Fundi Mizani na Upawa Wake

Kwanza mjue kwamba hakuwa mgonjwa. Naanza na hilo kwa sababu watu walitaka sana awe mgonjwa, na mdogo wake wa tumbo moja ndiye aliyekuwa mstari wa mbele kumtafutia ugonjwa.

"Dada, utakufa njaa huko safarini," alimwambia kwenye simu. "Wewe sema tu daktari amekukataza. Mtu akisikia neno daktari, habishi tena, anakupikia."

"Siumwi, sisemi."

"Jamani, ni uongo mdogo tu!"

"Basi useme wewe." Akakata simu.

Alikuwa fundi wa mizani, mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye viganja vilivyokomaa kwa kutu na grisi. Kazi ilimzungusha mji hadi mji, madukani na maghalani, kufungua mizani zilizoanza kudanganya na kuzirudisha kwenye haki. Na ilikuwa mwaka wa kumi na moja tangu aache kula chochote cha mnyama. Nyama, samaki, maziwa, mayai, hata samli, vyote kando. Hakuna aliyemkataza. Aliamka asubuhi moja akaona hataki tena kiumbe kife kwa ajili ya sahani yake, basi. Mtasema ni sababu ndogo. Ni yake.

Sasa, nchi ile ina jua na mvua za kutosha, hata mbegu ukiitema inaota. Ungedhani mtu asiyekula nyama angenenepa huko. Thubutu! Mboga zilikuwapo tele, ila wapishi hawakuziacha salama. Maharage yakikaribia kuiva, mpishi anachota upawa mmoja wa supu ya mifupa, anayamwagia, eti yachangamke. Ukimuuliza kama yana nyama anakuapia kwamba hayana, na wala hakudanganyi. Kwake yeye nyama ni ile inayotafunwa.

Kwa hiyo fundi alijifunza kuingia migahawani kwa mlango wa nyuma. Anasalimia, anapiga jicho jikoni, anahesabu pawa. Akikuta upawa mmoja unaogelea katika sufuria zote, anaaga kwa adabu na kwenda zake. Mwishowe alinunua upawa wake mwenyewe, akauweka kwenye sanduku la vyombo kati ya spana na bisibisi. Wapagazi wakamcheka mpaka basi, wakamwita Bi Upawa. Akaitika. Alikuwa pia na kidaftari cha majiko alikokula vizuri: "Nyuma ya kituo cha mafuta, mama mwenye kengeza, kunde za nazi, safi kabisa. Fika kabla ya saa saba." Miaka yote hiyo, majiko kumi na manne tu.

Ndipo akaitwa kwenye ghala la nafaka lenye mizani tisa. Mwenye ghala alikuwa na maghala mengine matano, na neno lilikuwa moja: akiridhika na hili, kazi ya yote sita ni ya fundi, mwaka mzima. Kazi ya namna hiyo haiji mara mbili.

Tatizo ni kwamba mzee yule alikuwa na jambo lake. Saa saba kamili, kila aliyemfanyia kazi alikula kwa gharama yake katika mgahawa wa bati uliopakana na ghala, kwenye meza moja ndefu, yeye mwenyewe amekaa kichwani anaangalia nani anakula na nani anachokonoa. "Asiyekula mezani kwangu hafanyi kazi kwangu," alipenda kusema. Mwenye mgahawa na mpishi alikuwa mama mmoja mrefu, mkimya, ambaye hakuketi na wenzake. Alikula kwenye kigoda kando ya jiko, wali na mchicha kutoka kisufuria chake. Ana vidonda vya tumbo, maskini, walisema wote.

Siku ya kwanza fundi aliingia jikoni na upawa wake mkononi.

"Mama, haya maharage yana nyama?"

"Hayana," mpishi akajibu, macho kwenye moto.

Akajipakulia. Tangu jana yake mchana hakuwa ametia kitu tumboni. Tonge la kwanza tu, akaijua ile mifupa. Akalirudisha pembeni ya sahani, akaweka kijiko chini.

"Vipi, fundi?" mzee akauliza. "Unaumwa?"

Karani wa ghala, aliyekaa jirani yake, alimkanyaga mguu chini ya meza. "Sema vidonda," akanong'ona, "sema kama mpishi." Na uso wa mzee ulikwisha kulainika, huruma imejaa tele, inangoja neno moja tu. Neno moja, na maghala sita yangekuwa yake. Alilitamani, nisiwafiche. Likamfika hadi kwenye ulimi.

"Siumwi, mzee. Mzima kama chuma. Haya yametiwa supu ya mifupa, na mimi sili."

"Ah! Si ni tone tu!"

"Na mizani yako inakosea gramu chache tu. Mbona umeniita?"

Mpagazi mmoja alipaliwa na maji. Mzee hakucheka. Alisukuma sahani yake taratibu. "Hiyo uliyoifungua, ifunge. Kesho mchana ukusanye vyombo vyako uende."

"Sawa."

Msidhani hakuumia. Alikaa kwenye ngazi za ghala akala ndizi mbivu tatu, na akajitukana mjinga mara mbili. Kisha akarudi kwenye ile mizani, akasugua kutu, akanyoosha vyuma, akajaribu mawe yote ya kupimia moja moja mpaka sindano ikasimama pale inapotakiwa. Kufukuzwa kulikuwa kwake, mizani haikumkosea kitu.

Kesho yake saa saba alikuwa anafunga sanduku. Watu wameshaketi mezani. Mpishi akatokeza mlangoni pa jiko, kisufuria kimefunikwa mikononi.

"Fundi! Njoo ule."

"Huyo anaondoka," mzee akasema.

"Ataondoka ameshiba. Meza unalipia wewe, mzee, ila mgahawa ni wangu."

Hakuna aliyewahi kumsikia akisema maneno mengi kiasi hicho. Mzee akatabasamu kwa kujilazimisha. "Ehe, naona mgonjwa anamtetea mkaidi."

Mpishi alikiweka kisufuria mezani kwa kishindo, mfuniko ukaruka. "Mimi siumwi! Miaka tisa nawaambia nina vidonda, sina hata kimoja. Nyama siitaki tu. Niliogopa, maana nani atakula kwa mpishi asiyekula anachopika?" Akamgeukia fundi. "Jana ulipouliza nilijua. Nikakujibu kama tunavyojibu wote. Nisamehe, dada yangu."

Karani aliikodolea macho sahani yake kama anaiona leo. Mzee, kwa kuwa chakula kilikuwa kitamu kama siku zote, akaendelea kula. Maghala hakuyarudisha, na fundi hakuyaomba.

Alikula kisufuria kizima yeye na mpishi, ubavu kwa ubavu, kichwani kabisa mwa ile meza, kando ya mzee. Kabla ya kuondoka aliutoa upawa wake sandukuni, akautundika kwenye msumari juu ya jiko. "Huu haujawahi kugusa supu," alisema. "Usiuazime mtu." Kisha akaandika jiko la kumi na tano kwenye kidaftari.

Alipofika stendi simu ikalia. Mdogo wake.

"Dada, umekula?"

"Nimekula nimeshiba."

"Enhe! Hatimaye umesema unaumwa?"

"Sikusema. Ila kuna mwenzangu alikuwa anaumwa mwaka wa tisa huu, nimemwacha amepona."