Pepo Aliyepimwa kwa Futi

Miaka ile nilipokuwa mtoto Kaloleni, Arusha, nyumba nzima ilijua kuwa nina pepo, na mimi nilikuwa wa mwisho kuambiwa. Nilikuwa na miaka tisa. Bibi, mama yake baba, alisema pepo huyo alishuka na upepo wa Mlima Meru mchana mmoja nikiwa bado wa kubebwa mgongoni, na ndiyo maana kelele zikizidi naziba masikio: namsikia akiniita. Aliwaonya wazazi wangu, "Siku pepo akimpanda kichwani huyu, damu itamwagika humu ndani."

Mimi sikumsikia mtu yeyote akiniita. Nilichojua ni kwamba nyayo zinapata moto, kisha shingo inakaza, kisha nasikia mtu anapiga mayowe, na baada ya muda nagundua mtu huyo ni mimi. Watu wakiniuliza, "Saumu, mbona umekasirika?" nilishangaa kwa dhati. Hasira niliijua kwa watu wengine, tena kwa kuambiwa.

Onyo la Bibi likatimia siku ya harusi ya binamu yangu. Maspika mawili yalifungwa uani, miiko ikagonga sufuria za pilau, wanawake wakapiga vigelegele. Rehema, mtoto wa baba mkubwa, aliyekuwa na miaka sita, alinishika mkono anivute tukacheze. Nakumbuka mkono wake ulikuwa na mafuta. Kinachofuata katika kumbukumbu yangu ni Rehema akiwa chini kwenye ngazi ya saruji, paji la uso limepasuka, na watu wote wananitazama.

"Nilisema," Bibi alisema polepole, kama mtu anayeumia kwa kuwa sahihi.

Jioni hiyo wakubwa walikaa sebuleni. Nikiwa nyuma ya pazia nilimsikia baba mkubwa akisema ataletwa mtaalamu wa kupunga, nifukizwe moshi na kupigiwa ngoma mpaka pepo aseme anataka nini. Mama alilia bila sauti. Mimi nilishika neno moja tu, ngoma, nikaanza kujigonga kichwa ukutani. Kwao hilo likawa jibu la pepo mwenyewe.

Aliyesimama ni Shangazi Zuhura, dada yake baba, fundi cherehani wa Maji ya Chai, mwanamke ambaye hakuolewa na ambaye kwenye vikao hakuwa na desturi ya kusema.

"Nipeni mtoto mwezi mmoja," alisema akitazama sakafu. "Pepo huyu namfahamu. Hata mimi ninaye."

Nilitegemea wampinge. Hakuna aliyempinga.

Kibanda chake kilikuwa kando ya barabara kuu, mabasi ya Moshi yakipita na honi zao kutwa nzima. Siku ya kwanza alinisimamisha karibu na cherehani, akavua futi yake ya kupimia nguo shingoni, akaishika begani kwangu, ikaning'inia hadi ikagusa ardhi.

"Pepo anapanda kutoka chini," aliniambia. "Hawezi kuruka. Basi likipiga honi, niambie amefika wapi."

Basi likapita. Nikasema, "Sijui, Shangazi."

"Haya. Lingine linakuja."

Ilichukua siku nyingi, na nyingine ziliishia kwa mayowe palepale mbele ya wateja. Kisha nikaanza kusema: nyayo. Magoti. Mapaja.

"Akifika tumboni usingoje," alisema. "Usiniombe hata ruhusa. Nenda mferejini utie miguu. Maji yale yanatoka mlimani, ni ya kwao, atatulia."

Mfereji ulipita nyuma ya kibanda, maji baridi mpaka mifupa inauma. Nilikwenda mara nane, mara kumi kwa siku, na kweli alitulia. Nilidhani anarudi mlimani.

Halafu Shangazi akanichanganya. Akasema pepo si mmoja. Yule wa nyayo za moto anaitwa hasira, yule wa tumbo la baridi anaitwa woga. Siku moja koo lilinibana nikamwambia ni hasira. Aliacha kukanyaga cherehani, akafikiri.

"Mama yako aliahidi kuja jana, hakuja," alisema. "Huyo nadhani ni huzuni."

Nililia sana, nikiwa sielewi kama nalia kwa sababu nina huzuni au kwa sababu nimeambiwa ninayo. Mpaka leo sijalijua vizuri jambo hilo.

Wiki ya tatu mama mmoja alikuja kuchukua gauni, akakuta mkono mmoja umezidi mwingine, akamsema Shangazi kwa sauti mbele ya watu. Shangazi alichukua bobini, kigurudumu cha uzi wa cherehani. Akaanza kuizungusha kiganjani, haraka haraka, kisha akatoka bila viatu. Nilimkuta mferejini, gauni limelowa hadi magotini, vidole masikioni, mwili unayumba mbele na nyuma. Sikuwahi kumwona mtu mzima hivyo. Tumbo langu lilikuwa la baridi, kwa hiyo nilijua naogopa. Nikakaa karibu naye, na kwa kuwa sikuwa na maneno mengine nikamrudishia swali lake mwenyewe.

"Amefika wapi, Shangazi?"

Alitoa kidole kimoja sikioni. "Shingoni," akasema.

"Basi tusubiri."

Tukasubiri. Hakunitazama, nami sikumtazama, na tulikuwa sawa hivyo.

Mwezi ulipokwisha akanirudisha Kaloleni. Bibi aliitikia shikamoo zetu, akauliza moja kwa moja, "Katoka?"

"Hajatoka, mama. Ila sasa mtoto anajua akija."

Baba mkubwa hakuridhika. Hata hivyo, kila kelele zilipozidi nilisema tu "tumboni," nikaenda kukaa uani peke yangu, na habari ya ngoma ikafa taratibu. Rehema alikuwa na kovu juu ya jicho. Nilimwambia maneno niliyoyafanyia mazoezi njia nzima: kwamba siku ile nilikuwa na woga, sikuwa na hasira naye.

"Mbona hukusema?" aliniuliza.

"Sikujua."

Alisogea kunipa nafasi kwenye mkeka.

Sasa nina mtoto wa kiume wa miaka saba. Daktari aliyempima hapa Arusha alisema ana usonji, akanieleza kuwa watoto kama yeye wanaweza kusaidiwa kutambua hisia zinapoanzia mwilini, kabla hazijawazidi nguvu. Nilicheka, nikashindwa kumweleza nacheka nini. Maswali aliyoniuliza kuhusu mwanangu, mengi ningeyajibu vilevile kama yangekuwa yananihusu mimi.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Maji ya Chai. Shangazi hashoni tena, macho yamepungua. Nilimuuliza kama kweli aliamini habari za pepo.

"Nilitaka wasikupigie ngoma," alisema. "Mengine niliyapata njiani, kila siku kidogo."

"Lakini ulisema unaye. Wewe ulifundishwa na nani?"

Aligeuka akatazama barabara.

"Mimi nilipigiwa," alisema. "Siku saba."

Miaka yote nilidhani nilichukuliwa na mtu anayeijua njia. Kumbe alikuwa akiipapasa, nami nikimfuata nyuma. Bibi alimpenda binti yake, hilo silitilii shaka, na aliamini anamtibu. Nimejaribu kumkasirikia Bibi nikashindwa. Nimejaribu kumsamehe, na hilo pia sijui kama nimelifanya. Nikizikumbuka siku hizo saba, kuna kitu kinakaa kifuani ambacho Shangazi hakuwahi kunipa jina lake. Sijui kinaitwaje. Nakiacha kikae, na sikikimbii.