Moto Mdomoni mwa Shimo

Katika kilima kimoja nje kidogo ya Salamabila kuna sheria ambayo haikuandikwa popote, lakini kila mchimbaji huijua kabla hajazoea kushika sururu. Shimo lenye moto mdomoni lina mwenyewe. Shimo ambalo moto wake umezimika ni la yeyote atakayeliwahi. Madhali moshi unaonekana, hakuna anayetia mguu, hata shimo likiwa limejaa maji pomoni na mwenyewe yuko Bukavu anakula samaki. Ndiyo maana Katembo, mtu mzima mwenye mke na mtoto, alikuwa ameketi juu ya dumu lililopasuka tangu mvua zianze kukaza, akipuliza kuni mbichi na kufikicha macho.

Mtu huyu alitoka upande wa Butembo kuja kutafuta dhahabu. Njiani alipita Kasongo akapata mke, Elodie, binti wa wakulima, na baadaye mtoto wa kike, Plamedi. Dhahabu ndiyo iliyochelewa. Wakati huo wote mke na mtoto walikaa Kasongo kwa baba mkwe, mzee Magloire, naye Katembo akakaa kilimani kwa ahadi ya kurudi msimu ujao, kisha ule ujao tena.

Shimo lilikuwa la Emile. Watu walimwita PDG, yaani mkurugenzi mkuu, kama wanavyoitwa wenye mashimo wote kule, hata wale ambao viatu vyao vimefungwa kwa waya. Emile hakulipa mshahara, na hakuna PDG anayelipa. Mawe yakipanda hutiwa kwenye mifuko, mifuko hupangwa mstari, PDG huchukua yake, kisha kila mfanyakazi hupewa wake akaupeleke kwa akina mama wanaotwanga. Dhahabu ikitoka humo, heri yako. Isipotoka, umebeba changarawe.

Siku moja ya mgawo Emile akaja na jambo jipya. Alisema anayetaka asibebe mfuko wake. Auache pale pale, naye atapewa sehemu ya shimo lenyewe. Mfanyabiashara wa mjini akitaka sehemu kama hiyo atatoa mifuko miwili, lakini wao ni watoto wa nyumbani, watatoa mmoja tu. Wakifika kwenye filoni, ule mshipa wa dhahabu unaopita ndani ya mwamba, hawatagawiwa tena kama vibarua, watagawana kama wenye mali. Aliweka sharti moja tu, tena alilitaja kwa sauti ya upole. Atakayeacha kabla ya filoni, sehemu zake zinarudi kwa shimo.

Kadogo, aliyekuwa akichimba bega kwa bega na Katembo, alicheka akabeba mfuko wake akaenda zake. Katembo akabakisha. Mgawo uliofuata akabakisha tena. Ikawa kawaida yake: wenzake wanainama kubeba, yeye anasimama mikono nyuma na kusema, "Nabakisha." Aliishi kwa kukopa fufu, ule ugali wa muhogo, na kuvaa suruali moja. Wenzake wakaanza kumwita PDG mdogo. Walimtania, naye alijua wanamtania, lakini jina lenyewe lilimwingia tamu, na kuanzia hapo hata akitembea sokoni alitembea taratibu, kama mtu anayesubiriwa mahali.

Utamu huo ndio uliomponza. Mzee Magloire alikuwa amemwahidi shamba bondeni, udongo mweusi unaoshika maji, mpunga wake unajulikana Kasongo nzima. Kilichotakiwa ni Katembo arudi alilime mwenyewe. Badala ya kusema anarudi lini, Katembo alimtumia baba mkwe ujumbe wa sauti kwenye simu ya Elodie. Alikohoa kwanza, kama wakubwa wanavyokohoa, kisha akasema, "Baba, salamu. Siku hizi mimi siko tena mutu wa kutumikia wengine. Niko mwenye shimo." Mambo ya shamba hakuyagusa. Aliona si vizuri kuchanganya habari kubwa na habari za jembe.

Kisha maji yakaingia. Mvua ilinyesha mfululizo, ukuta wa chini ukapasuka, na walipoamka shimo lilikuwa kisima. Hapo ndipo Katembo alipojua maana kamili ya kuwa mwenye mali. Kwa desturi ya kilima kile, wafanyakazi hawadaiwi chochote na maji. Maji ni ya wenye shimo. Wafanyakazi walikusanya sururu na sufuria zao, wakavuka kwenda kuchimba shimo la jirani, na hakuna aliyewalaumu. Katembo naye akainama kuchukua sururu yake, na wote wakamtazama, si kwa ubaya. Mmoja akamwuliza PDG mdogo anakwenda wapi. Akairudisha chini.

Emile alisema anakwenda Bukavu kutafuta motopompe ya kuvuta maji. Akamwomba Katembo ashike moto, na kwa kuwa hakuwa na cha kumlipa, akaahidi kwamba kila wiki ya moto itamwongezea sehemu. Yaani mtu aliachwa analinda kisima, na mshahara wake ni kuongezewa kisima. Katembo alikubali. Angefanyaje? Mifuko yake yote, jasho la muda wote ule, ilikuwa chini ya maji yale.

Moto una kazi kuliko mtoto mchanga. Hakuweza kwenda kuchimba kwingine, maana moto ungezima. Hakuweza kwenda kusali Jumapili. Plamedi alipopata malaria kule Kasongo, yeye alisikia kwa simu, akalia akiwa ameshika kijiti cha kuchochea, na mtoto alipopona alisikia kwa simu vilevile. Alimchukia Emile. Kisha alimwogopea Emile asije akafa kwa ajali barabarani na motopompe isije. Vitu hivyo viwili alikuwa navyo kifuani kwa pamoja, na vilimchosha kuliko kuchimba.

Kadogo ndiye aliyemletea chakula, alichobakiza kwenye shimo la jirani. Siku moja alimkuta Katembo amekaa na simu mkononi. Emile alikuwa amepiga. Motopompe ilikuwa haijapatikana, lakini mtu mmoja mwenye nayo alitaka kwanza kujua shimo lina wenyewe wangapi wasioyumba. Kwa hiyo Emile alitaka neno moja, naye angepiga tena mchana huo kulisikia: Katembo anaendelea ama anatoka?

Kadogo aliweka chini bakuli la sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa. "Niambie kweli. Kama ulikuwa unafika leo, hauna kitu ndani, unaweza kutupa mufuko yako mu maji hii?"

"Hapana."

"Njo jibu yako ile."

"Na yenye nilishatupa?"

"Ile ilishaenda, ndugu yangu. Na weye unabaki hapa juu yake."

Katembo alivuta bakuli akaanza kula. Alikasirika kwanza, maana ni rahisi kusema hivyo ukiwa umebeba mifuko yako yote. Lakini alipomaliza sombe hasira ilikuwa imekwisha, na kilichobaki kilikuwa picha ya lile bonde la mpunga na yeye ndani yake, maji ya kwenye vifundo vya miguu tu. Msimu wa kupanda ulikuwa bado haujapita. Alisimama, akavuta kuni kando, akasukumia udongo juu ya makaa kwa mguu, mpaka moshi ukakatika. Hakuna aliyeona, ila Kadogo, ambaye alimshika bega na kumwambia ateremke mtoni akaoge, atamtafutia pikipiki ya kumfikisha Kasongo.

Alioga kwa muda mrefu. Alisugua masizi shingoni na nyuma ya masikio, akafua shati akalivaa likiwa bichi. Akaona anaanza hata kuimba wimbo wa kanisani kwao, sauti ya chini, kama mtu asiyetaka kuwaamsha watu. Kwa mara ya kwanza tangu aache mfuko wa kwanza, alijihisi ni mtu anayeweza kwenda anakotaka.

Alipopanda tena kilima aliuona moshi.

Alikimbia. Alidhani kuna mtu ameshalichukua shimo, na jambo la aibu ni kwamba alikimbia ili kumfukuza. Mdomoni mwa shimo alimkuta Kadogo amesimama kando, hajui pa kuangalia, na mwanamke amepiga magoti akipuliza makaa, mtoto mgongoni. Mwanamke alikuwa na matope ya barabara mpaka magotini. Kando yake palikuwa na mkeka, sufuria mbili, na mfuko mdogo wa mchele.

"Baba Plamedi," Elodie alisema, akapangusa macho kwa ajili ya moshi, akacheka. "Nimekuta moto yenu inakufa. Mutoto iko na njaa tangu jana."

Katembo alikaa chini akiwa bado na maji nyweleni. Akamuuliza kwa nini amekuja bila kumwambia. Elodie alisema simu iliingia maji njiani, na tena alitaka kumshangaza. Mzee Magloire ndiye aliyemtuma. Mzee alikuwa amewasikilizisha majirani wote ule ujumbe wa sauti, hata padri, na alijivuna nao sana. Na shamba? Katembo aliuliza kwa sauti ndogo. Shamba alikuwa amempa Roger, kaka yake Elodie, ambaye alishapanda upande mmoja.

"Baba alisema, mutu iko na shimo yake, shamba ya nini tena?" Elodie alisema. "Alisema bibi anafaa kukaa kwa bwana yake. Mchele huu njo wa mwisho wa kule. Alikutumia."

Chefu wa kilima, msimamizi wa ile sheria ya moto, alikuwa akipita chini kwenye njia ya mashimo, kama apitavyo kila mchana kuangalia mioto. Aliinua macho, akaona moshi, akanyanyua mkono kumsalimu Katembo na kuendelea. Katembo alinyanyua wake. Kadogo alitazama chini, kisha akasema atakwenda kumwambia mwenye pikipiki asisubiri.

Simu ililia. Ilikuwa Emile, na nyuma yake zilisikika honi za mji. Aliuliza lile lile, anaendelea ama anatoka. Katembo alimtazama Plamedi, ambaye alikuwa ameteremshwa na kukaa juu ya dumu la baba yake, matope yamemkaukia miguuni, akiusubiri mchele.

"Naendelea, PDG," alisema.

Elodie alisogeza kuni zikutane chini ya sufuria. Alimwomba maji ya kumnawisha mtoto miguu. Katembo alichukua ndoo yenye kamba, akainama mdomoni mwa shimo, akaiteremsha, wala haikwenda mbali. Aliivuta ikiwa imejaa maji ya rangi ya udongo, akaiweka mbele ya mke wake. Kilikuwa kitu cha kwanza shimo lile kumpa.