Ndengu za Mama Wanja na Mahubiri Yangu Makali

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Karurumo, nilihubiri mpaka mzee mmoja wa kanisa akanionyesha saa yake mara tatu. Nilikuwa mwinjilisti, yaani msaidizi wa mchungaji: unahubiri na kutembelea waumini, lakini hubatizi wala huongozi meza ya Bwana. Nabii niliyempenda ni Amosi, kwa kuwa hata mimi nilikuwa mwepesi wa hasira.

Nilipohamishiwa Kiritiri, mbuzi wa Njeru, muumini wetu, walimaliza shamba zima la ndengu la mjane mmoja, Mama Wanja. Njeru akacheka tu. Nikaandika mahubiri ya kurasa sita juu ya wanaowakanyaga wajane, kisha nikamwomba Mchungaji Msimamizi amtenge, yaani akae benchi la nyuma bila kushiriki meza ya Bwana.

"Umemuuliza mama anataka nini?" akaniuliza.

Sikuwa nimemuuliza. Nikaenda.

"Sasa akitengwa, mimi nitakula nini, mwinjilisti?" Mama Wanja akasema. "Mimi nataka ndengu zangu tu."

Mchungaji akampa Njeru muda mpaka mvua: amlimie mama, ampandie, na amlishe kutoka ghala lake mpaka avune. Asipofanya hivyo, atatengwa.

"Sawa, pasta," Njeru akajibu, macho kwenye viatu vyake.

Sikumwamini. Kusema kweli, nilimwombea ashindwe, maana mahubiri yangu yalikuwa matamu.

Mvua ikanyesha. Jumamosi nikapitia shambani, kurasa zangu mfukoni, nikamkuta Njeru na wanawe wameshapanda nusu, Mama Wanja akiwakemea kwa kupinda mistari. Nikanuna hadi kwa mchungaji.

"Kumbe ametubu, na wewe umekasirika?" Akacheka mpaka akafuta machozi. "Yona alikutangulia, ndugu yangu. Alinuna Ninawi iliposamehewa. Mungu hasahau haki ya mjane, ila humpa mkosaji nafasi ya kuileta mwenyewe. Subira huvuta heri, hata kama heri yenyewe ni ya Njeru."

Niliona aibu kweli, kisha nami nikacheka.

Sasa nimestaafu, niko Githongo na kahawa yangu. Kurasa zile sita zimo ndani ya Biblia yangu, hazijahubiriwa. Wainjilisti vijana wakimkasirikia mkosaji huja kuniomba niwaazime. Siwanyimi. Nawaambia tu wapitie kwanza kwa aliyeumizwa, wamuulize anataka nini, ndipo warudi kuzichukua.

Mpaka leo hakuna aliyerudi.