Nyumba ya Kwanza ya Fundi Pitchou

Pitchou alizaliwa Kenya, ambayo kule Lubumbashi ni jina la mtaa. Alipofika Johannesburg, karani mmoja alimwandika kuwa Mkenya, akabaki Mkenya kwa miezi minane. Pitchou hakubisha, kwa kuwa karatasi ilikuwa na muhuri.

Ufundi wa umeme alifundishwa mtaani kwao na fundi Gaston, mzee mwenye vidole tisa na wimbo mmoja. Kidole cha kumi alikipoteza kwenye mlango wa gari, wala si kwa umeme, jambo alilotaka kila mwanafunzi alijue siku ya kwanza. Wimbo waliuimba kila waliposhika waya:

*Bluu mpole, mshike;*
*nyeusi mkali, mwache.*

Waya wa bluu ndio wa kurudi, hauna neno. Mweusi ndio wenye moto. Wanafunzi waliimba mpaka vidole vikaujua wimbo kuliko midomo, na hapo fundi Gaston akasema wamehitimu. Cheti hakikuwepo.

Mwaka 2011 Pitchou alipanga chumba Yeoville, na mwezi wa tatu akapata kazi yake ya kwanza huku: kutia nyaya upya katika nyumba ya Bi Mayasa, Mzanzibari mshona mabuibui aliyekaa Malvern, hatua chache kutoka Jules Street. Dukani akauziwa waya wa nchi hii. Ndani yake mlikuwa na nyekundu na nyeusi. Bluu haikuwemo, na wimbo haukusema lolote juu ya nyekundu. Pitchou alifikiri kwa muda wa kumenya ncha moja, kisha akaamua kwamba nyeusi ni mkali popote aendapo, na nyekundu, kwa kuwa hakuwa na sifa mbaya, atakuwa mpole. Taa zote ziliwaka. Bi Mayasa akampa sahani ya wali na akamwombea dua.

Miezi minne baadaye, katika jengo moja la Kensington, alifungua boksi la fyuzi lililofungwa na fundi mwenyeji, akasimama mbele yake kama mtu aliyesomewa barua ya msiba. Huku nyekundu ndiyo yenye moto. Nyeusi ndiyo ya kurudi. Katika nyumba ya Bi Mayasa kila waya ulikuwa umevaa nguo za mwenzake.

Bi Mayasa mwenyewe hakuwa hatarini, maana taa haijui rangi. Aliyekuwa hatarini ni fundi wa pili, yeyote atakayekuja siku moja, afungue boksi na kuuamini waya mweusi.

Pitchou alipaswa kurudi kesho yake. Hakurudi. Mwanzo ilikuwa aibu ya kukosea, halafu ikawa aibu ya kuchelewa, na hii ya pili haina umri wa kuacha kukua. Alitunga wimbo mpya, *nyeusi mpole, mshike. Nyekundu mkali, mwache*, akavifundisha vidole vyake upya, na hakukosea tena. Ila kwa miaka kumi na miwili, akipita Jules Street, alivuka barabara kabla ya kufika kwenye kona ya Bi Mayasa, na akishaipita alivuka tena kurudi.

Mwaka 2023 chama kimoja cha mafundi kikaanzisha mpango. Fundi anayejiunga anafanya mtihani, kazi yake inakaguliwa, na akifaulu anapewa kadi yenye picha yake, ya kuonyesha kwamba huyu ni mtu mwenye ujuzi. Pitchou alichukua fomu. Ukurasa wa kwanza uliuliza jina, wa pili anwani. Wa tatu ulisema: *Orodhesha kazi zako zote nchini, kuanzia ya kwanza. Mkaguzi atachagua moja.* Chini yake, kwa herufi ndogo, ilielezwa kwamba atakayekutwa na kazi ya hatari atasubiri miaka mitatu, na atakayeficha kazi hatapokelewa kamwe.

Alikaa na fomu ile wiki tatu.

"Bado unaibeba hiyo?" akauliza Bakiri. Huyu alikuwa fundi mwenziwe, mtu wa Tanga, na walishafanya kazi pamoja miaka tisa. Walikuwa wamekaa nje ya duka la vifaa, Malvern, wakila chipsi. "Kadi ya nini, Papa Pitchou? Mimi Yeoville nzima umeme unanijua."

"Umeme ukikujua, njo mwisho yako," akasema Pitchou, ambaye "ndio" ya kwao ni "njo".

"Wanataka ada, wanataka mtihani, wanataka picha. Mimi picha yangu wameshaipiga kila ofisi ya mji huu na bado hawanikumbuki." Bakiri akafuta mikono. "Alhamisi nina kazi nzuri. Tangi la maji moto. Bibi mmoja Mzanzibari, anashona mabuibui, hapo chini tu."

Pitchou akaacha kutafuna.

Ni lazima ielezwe kwamba Bakiri alikuwa na testa ya kupimia umeme, nzuri, ya bei, na aliiweka nyumbani kabatini isipotee. Kazini alitumia mgongo wa kidole. Aliugusa waya mweusi kwanza, siku zote, ili kusalimiana nao. "Mweusi hajawahi kunidanganya," alipenda kusema.

"Bakiri," akasema Pitchou, "ile nyumba usiende."

"Unataka kuninyang'anya mteja?"

"Ile nyumba mweusi anadanganya."

Akamwambia yote: Gaston, wimbo, wali. Ilichukua muda mfupi kuliko alivyokuwa akiogopa. Bakiri alisikiliza akiwa ameshika chipsi moja hewani.

"Miaka kumi na miwili," akasema mwishowe.

"Ndiyo."

"Kumbe ndiyo maana unavuka barabara! Mimi nikajua anakudai, au ulimposa akakukataa."

"Apana."

"Ingekuwa afadhali." Bakiri akautazama mgongo wa kidole chake, akaugeuza, akautazama tena. Chipsi ile hakuila. "Nina wake wawili, bwana wewe. Ungewaambia nini?"

Pitchou akamwomba waende wote kabla ya Alhamisi.

Jumanne walikwenda wote wawili kwa Bi Mayasa. Alifungua mlango akiwa na sindano mdomoni, na nyuma yake cherehani tatu zilikuwa zikilia kwa oda za harusi.

"Bi Mayasa, ni mimi Pitchou. Nilitia umeme hapa."

"Nakukumbuka, baba. Umenenepa."

"Nimekuja kurekebisha. Nilikosea rangi za waya. Ni bure."

Bi Mayasa akatoa sindano mdomoni. "Taa zinawaka. Feni inazunguka. Pasi inaunguza mpaka leo. Umekosea nini?"

"Ndani, mama. Haionekani."

"Haionekani, na ni bure." Akamgeukia Bakiri. "Na wewe ni wa tangi. Mmekuja wawili wawili kama watu wa dini ya mlangoni. Una karatasi yoyote, Pitchou? Kitambulisho cha kazi? Maana mtu anayetengeneza bure kisichoharibika, mie namwogopa kuliko mwizi. Mwizi namwelewa."

Pitchou alikuwa na fomu tupu ya kurasa nne. Akamwonyesha. Bi Mayasa akaisoma yote, ukurasa wa tatu mara mbili, midomo ikicheza.

"Kwa hiyo mimi ndiye wa kwanza kwenye orodha."

"Ndiyo, mama."

"Cherehani zangu sizimi," akasema. "Lakini kesho saa nne umeme unakatwa mtaa mzima, zamu yetu ya mgao, kwa muda wa saa mbili na nusu. Muda huo nyumba yenu. Taa ikirudi, mie nashona."

Jumatano saa nne umeme ulikatika kwa wakati, jambo lililowashangaza wote. Bakiri alikuja na testa. Walifungua boksi, swichi tano, taa sita, na soketi nane, wakibadilisha nyeusi na nyekundu pande zote, Pitchou akinong'ona wimbo wake kila ncha. Soketi ya tisa ilikuwa nyuma ya kabati la mninga lililojaa mabuibui ya harusi.

"Kabati halisogei," akasema Bi Mayasa.

"Mama, dakika tano tu."

"Nina mabibi harusi wanne mle ndani. Halisogei."

Soketi ile ilikuwa ya mwisho kwenye mstari, basi wakaikata kutoka ile ya nane, ikabaki ukutani bila uhai. Umeme uliporudi, cherehani zikaanza kulia kabla hawajakusanya vyombo. Alhamisi Bakiri alifunga tangi. Usiku ule Pitchou alijaza ukurasa wa tatu. Namba moja aliandika nyumba ya Bi Mayasa, na kwenye nafasi ya maelezo: *Nilikosea rangi 2011. Nimerekebisha jana. Soketi moja nimeiua, iko nyuma ya kabati, mwenye nyumba amekataa.*

Mkaguzi alichagua namba moja.

Alikuwa msichana wa Soweto mwenye buti kubwa na kadi shingoni. Alipima boksi, swichi na soketi nane. Kisha akamtazama Pitchou, akamuuliza kwa Kiingereza.

"Kazi mia mbili na kitu. Ungeiruka hii, nani angejua?"

"Mliandika tuanze na ya kwanza," akasema Pitchou. "Hii njo ya kwanza."

Msichana akaigonga kadi yake kwa kalamu. "Nataka kuiona ya tisa."

Pitchou akafumba macho. Lakini Bi Mayasa alikuwa ameshaitazama ile kadi, picha, na muhuri, na tayari alikuwa akiita wasichana wake wa cherehani. "Njooni tusogeze kabati. Si mnaona mama huyu mkaguzi ana kitambulisho?"

Lilisogezwa na watu sita. Mkaguzi akasema soketi ile iunganishwe mbele yake. Pitchou akapiga magoti, akamenya ncha, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi vidole vyake vilisimama, kila mkono na waya wake, visijue viende wapi. Akaanza kuimba, kwa sauti, si kunong'ona tena, mistari yote miwili mara tatu.

"Anasema nini?" mkaguzi akamnong'oneza Bakiri.

"Dua," akasema Bakiri. "Halafu, dada, unayo fomu nyingine? Ni ya mtu ninayemfahamu."

Mkaguzi akampa fomu, akapima soketi, akapima tena, akatia alama ya vema kwenye karatasi yake na kumwambia Pitchou mtihani ni tarehe kumi na nne. Kisha wakashika pembe zote nne, kabati likarudi mahali pake, na soketi ile hakuna aliyeiona tena.