Waranti ya Kimebaki Kimoja

Shemeji yangu ni mtunza stoo wa shule ya sekondari, na walimu wote humwita Kimebaki Kimoja. Jina hilo alijitafutia mwenyewe. Ukienda dirishani kwake kuomba kitasa, atakwambia kimebaki kimoja tu. Ukiomba ufagio, umebaki mmoja. Chaki? Lete kwanza kipande cha ile uliyopewa juzi, akitazame vizuri aone kama kweli kimefika pale ambapo vidole haviwezi tena kukishika. Mwalimu wa hisabati aliwahi kurudishwa darasani na kipande chake kwa sababu, kwa maneno ya shemeji, "hapo bado kuna milinganyo miwili."

Nimeingia kwenye stoo hiyo mara moja, siku dada yangu alipokuwa anaumwa nikampelekea mumewe chakula cha mchana. Vitu vimejaa hadi darini. Kulikuwa na mipira ya miguu bado imo kwenye nailoni zake, haijaguswa na kiatu cha mtu, na hapo hapo nje ya dirisha wavulana walikuwa wanapigania furushi la matambara lililofungwa kamba. Nikamuuliza, "Shemeji, hii mipira unamwekea nani?"

Akanitazama kwa huruma. "Shemeji, nikiitoa si wataicheza?"

Wasiomjua humwita mkono wa birika, na hapo wanamwonea. Bahili huogopa kutoa pesa. Huyu pesa anatoa, tena bila kununa. Kinachomshinda ni kuona kitu kinatumika. Glasi walizopewa siku ya harusi ziko kabatini, kwenye boksi lake, na dada yangu amekunywa maji kwa kikombe cha plastiki ndoa nzima. Makochi yana nailoni. Ukikaa, unalia wewe na kochi. Mimi ni msusi, vitu vyangu vinafanya kazi mpaka vinatoa moshi, kwa hiyo nikienda kwao huwa nakaa kwenye kiti cha jikoni ili nisije nikasema neno.

Binti yao mmoja, mtoto niliyemsuka tangu nywele zake hazijashikika, alikuwa anasomea ualimu. Alipoingia mwaka wa pili alisema anahitaji laptop, maana mwaka wa mwisho kila mwanafunzi huandika ripoti ya utafiti, na bila ripoti hakuna kuhitimu. Dada yangu akambana mumewe wiki nzima. Hatimaye shemeji akakubali, akaniomba nimsindikize dukani kwa kuwa, alisema, wauza duka wananiogopa.

Dada wa dukani alikuwa na kucha ndefu nyekundu ambazo alizigonga mezani kila alipotaja bei. Shemeji alichagua laptop ya bei ya chini kuliko zote, ile iliyokuwa rafu ya chini karibu na sakafu. Hapo sikuwa na neno. Kisha Dada Kucha akamwambia kuna waranti ya kawaida ya mwaka mmoja, na kuna ya nyongeza, ukiinunua unaongezewa mwaka mwingine. Uso wa shemeji ukang'aa. Sijawahi kumwona hivyo, hata kwenye picha za harusi.

"Ikianguka je?" akauliza.

"Hiyo haihusiki, baba."

"Ikimwagikiwa maji?"

"Haihusiki."

"Umeme ukija kwa nguvu?"

"Hapana. Na betri tunaihesabu mbali."

Nikaingilia. "Sasa inahusika nini, mdogo wangu?"

"Ikiharibika yenyewe, mama."

"Yenyewe tu? Imekaa zake, imetulia, halafu inaharibika?"

"Ndiyo," akasema, akagonga kucha.

Bei ya hiyo nyongeza ilikuwa inakaribia nusu ya bei ya mashine. Nikamvuta shemeji pembeni, nikamwonyesha ile laptop ya rafu ya juu: ukichukua hela ya waranti ukaiongeza hapa, unapata mashine ya maana. Akatikisa kichwa. "Shemeji, wewe unanunua mashine," akasema. "Mimi nanunua usingizi."

Akalipa yote mawili. Dada Kucha akamwandikia kadi na kumwambia waziwazi, "Waranti inaanza leo, baba, tarehe hii hapa." Shemeji akamjibu "sawa, binti," kwa ile sauti anayomjibu nayo mwalimu anayedai chaki yake imeliwa na panya. Tulipotoka nje akanieleza kwamba hawa watoto wa madukani hawajui kazi. Kitu kikiwa na sili, ile gundi ya kiwandani, hakihesabiwi. Kinaanza kuhesabiwa siku sili inapovunjwa. Yeye amekaa stoo maisha yake yote, nani atamfundisha?

Nilicheka. Nilidhani ni maneno ya njiani tu.

Nyumbani binti alikuwa ameshapangusa meza na kunawa mikono, amekaa kama mgeni. Shemeji akaliweka boksi mezani, akamwachia alitazame pande zote, asome maandishi, aone picha ya mashine. Mtoto alipogusa gundi kwa ukucha, baba yake akaruka. "Ah-ah! Ukivunja sili, waranti inaanza kuliwa. Mwaka huu una kazi gani kubwa? Vijiinsha tu. Andika kwa mkono, mwandiko wako mzuri. Ukifika kwenye kazi yenyewe, nitaitoa."

Boksi likaingia kabatini, kando ya zile glasi. Funguo anazo yeye, kwenye mkanda wa suruali.

Basi mtoto akaenda kuchapa kazi zake kwenye kibanda cha huduma za kompyuta karibu na chuo, pale ambapo mashine mbili zinagombewa na wanafunzi wa chuo kizima. Na anayelipia ni nani? Baba yake huyo huyo! Kila akiombwa hela ya kuchapa anatoa papo hapo, na nauli juu. Nilimwambia kwamba hiyo ni sawa na kupanga chumba huku nyumba yako umeifunga kufuli. Akasema nyumba ikikaa bila wapangaji haichafuki kuta.

Mwaka wa mwisho ulipofika, kazi yenyewe ikaanza. Mtoto akaomba laptop. Akaambiwa asubiri amalize kukusanya maoni ya watu, hapo bado si kuandika. Akamaliza, akaomba tena. Akaambiwa sura ya kwanza ni utangulizi, utangulizi hauna uzito. Akaacha kuomba. Alikuwa anaandika ripoti yake vipande vipande kwenye kile kibanda, anaihifadhi kwenye flashi anayoivaa shingoni. Ilikuwa imebaki wiki moja ya kukabidhi pale aliposukuma mlango wa saluni yangu, akakaa kwenye kiti cha wateja, akajitazama kwenye kioo na kuanza kulia. Mashine za kibandani zilikuwa na virusi. Flashi ilikuwa tupu. Sura zote zilikuwa zimekwenda na maji.

Nilimwacha mteja na nywele nusu kichwa. Nilifika kwa dada nikiwa nimechemka, mtoto nyuma yangu, nikamkuta shemeji sebuleni juu ya nailoni yake.

"Toa laptop," nikamwambia. "Mtoto akeshe nayo, aandike upya anachokikumbuka. Karatasi za maoni bado anazo. Sasa hivi!"

Alisikitika, sitamsingizia. Alishika kichwa. Alisimama hadi kabatini, akafungua, akalitazama lile boksi. Kisha akageuka. "Shemeji, imebaki wiki moja tu. Tumevumilia kote huko, halafu nivunje sili kwa ajili ya wiki moja?"

Dada yangu alikuwa jikoni anaosha vikombe vyake vya plastiki. Vikombe vilikuwa vinapigizwa kwenye sinki kwa namna ambayo mwanamume mwingine angeshaelewa. Huyu akampa binti yake hela ya kibandani, mara mbili ya siku zote, na kumwambia awahi foleni.

Mtoto aliwahi foleni. Aliandika alichoweza, na siku ya kukabidhi ripoti haikuwa imefika hata nusu. Chuo kikamwambia asubiri kundi la mwaka unaofuata. Siku wenzake wanavaa majoho, yeye alikuwa kwangu ananisaidia kuwasuka mama zao. Wanawake hao walikuwa wanamuuliza kwa furaha yao tu, "Na wewe, mwanangu, unahitimu lini?" Alikuwa anawajibu vizuri. Mimi ndiye niliyekuwa nawavuta nywele zaidi ya inavyotakiwa.

Nadhani siku hiyo ndiyo iliyomgusa shemeji. Kesho yake alituita wote sebuleni. Alikuwa na wembe mpya. Akakata gundi taratibu, pembe moja baada ya nyingine, asichane boksi. Akaitoa mashine, akaipangusa ilhali haikuwa na vumbi, akampa binti yake kwa mikono miwili. "Una mwaka mzima mwingine," akamwambia, "na laptop bado mpya!"

Mtoto akabonyeza kitufe. Kimya. Wakaichomeka kwenye umeme. Kikawaka kijitaa, kikazima. Mimi ndiye niliyeona kwamba kibodi ilikuwa imenyanyuka katikati kama mkate uliotiwa hamira. Betri ilikuwa imevimba humo humo ndani ya sili yake.

Mnajua shemeji alifanya nini? Alitabasamu. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa ile kadi. "Hii ndiyo siku yake," akasema. "Mlinicheka."

Tukaenda dukani watatu, yeye mbele, kifua nje. Dada Kucha bado yupo, safari hii kucha ni za bluu. Akaipokea kadi, akaitazama, akairudisha juu ya meza.

"Waranti imeisha, baba. Zote mbili. Ilianza siku ile mliponunua, nilikwambia."

"Itaishaje na haijaanza?"

"Mmeitumia muda gani?"

"Hatujaitumia hata siku moja!" Alisema kwa sauti ya juu, kwa fahari kabisa, na wateja waliokuwa wanachagua simu wakageuka kumtazama.

Nadhani Dada Kucha alikuwa anatafuta namna ya kusema bila kumvunjia heshima. "Basi hilo ndilo lililoiua, baba. Betri hizi ukiziacha kabatini bila chaji zinakufa. Mngeitumia tu."

Nilitegemea atafyata mkia. Wapi! Akamgeukia binti yake, kidole juu. "Umesikia? Kama imekaa kabatini, haijaguswa na mtu, na bado imekufa, mikononi mwako je? Ungeiua siku ya kwanza!"

Mtoto huyo hajawahi kumjibu baba yake. Hata pale hakupaza sauti. Alikuwa anaitazama ile laptop iliyovimba.

"Ningeiua, baba," akasema. "Lakini ingekufa nimeshamaliza chuo."

Kidole cha shemeji kilibaki hewani kidogo, kisha akakishusha, akaanza kuinyoosha pembe ya kadi iliyojikunja. Sikumwonea huruma. Wiki moja! Nilikuwa bado naikumbuka ile wiki moja.

Halafu akatoa kadi ya benki, akaonyesha rafu ya chini. "Tupe nyingine kama hiyo."

Dada Kucha akaileta. Biashara ni biashara, hakujizuia. "Na waranti ya nyongeza, baba, tuweke?"

Naapa nilimwona akifungua mdomo. Lakini kabla hajasema lolote tukasikia gundi inachanika, kraa, duka zima likasikia. Binti yake alikuwa ameshaivunja sili kwa ukucha, ameshalipasua boksi ubavuni, ameshaitoa mashine na kutupa nailoni chini. Akaichomeka kwenye soketi iliyokuwa karibu na kaunta, akavuta kigoda cha wateja, akakaa. Ilipowaka tu akaanza kuandika kichwa cha ripoti yake, pale pale, watu wanamkanyaga miguu. Shemeji alisimama nyuma yake. Kila herufi ilipobonyezwa, alikuwa anapepesa kope.

"Waranti je?" Dada Kucha akauliza tena.

"Acha," akasema shemeji, kwa sauti ndogo. "Boksi tu. Boksi mnipe mimi."

Ripoti ilikabidhiwa na ikapokelewa. Laptop imechoka: herufi mbili zimefutika, kifuniko kimeshikwa na gundi ya karatasi, na binti anaitumia kuandaa masomo ya darasa lake, ambako nasikia anagawa chaki bila kuomba vipande. Boksi liko kabatini kando ya glasi, ubavu wake umebandikwa vizuri. Juzi dada yangu aliliomba awekee viatu. Mumewe akamwambia avumilie kidogo, limebaki moja tu.